Mwandishi wa Deni: Jukumu la Wenye Kutengeneza Programu za Kazini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na kalamu. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao. Ama baada ya haya:

Vijana wa darsa yetu wametuuliza suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa neno moja likapita. Wamesema: siku hizi watoto wengi wa Kiislamu wa pwani yetu wanasoma elimu ya kompyuta, na baadhi yao wameajiriwa kuandika programu zinazotumiwa madukani, katika mabenki na maofisini. Je, ikiwa programu hiyo itamdhulumu mtu kazini mwake, akakatwa mshahara asiostahili kukatwa, au akaitwa mwizi naye hakuiba, dhambi ni ya nani? Ni ya tajiri aliyeiagiza, au ya aliyeiandika, au hapana mwenye dhambi kwa kuwa mashine haina akili wala taklifu?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Ni kweli kwamba mashine haina taklifu, lakini aliyeiandika anayo. Na ikiwa kazi ya programu yake ni kuhesabu haki na madeni ya watu, basi yeye mbele ya Sharia yumo katika daraja ya yule mwandishi wa deni aliyetajwa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, na yaliyomlazimu mwandishi yule yamemlazimu huyu. Akijua kwamba alichokiandika kina kasoro, kisha akanyamaza hali watu wanahukumiwa kwacho, amezidi daraja ya mwandishi. Amekuwa ni shahidi aliyeficha ushahidi. Tutayaeleza haya inshallah, lakini kwanza tutatoa mfano mmoja ambao hauna shaka, kwa kuwa umethibiti mbele ya majaji.

Yaliyotokea Uingereza

Katika nchi ya Uingereza kuna maelfu ya posta ndogo ndogo, mijini na vijijini. Wengi wa wanaozisimamia si watumishi wa mshahara. Ni wenye maduka walioandikiana mkataba na Shirika la Posta, wakaweka dirisha la posta ndani ya duka, wakauza stempu, wakawalipa wazee pensheni zao na kupokea amana za watu. Ni watu wa kuaminiwa katika mitaa yao, mfano wa wale tuwajuao huku ambao mtaa mzima huweka kwao funguo na akiba. Baadhi yao asili yao ni Bara Hindi, waliohamia huko wakajenga maisha yao kwa jasho.

Kuanzia 1999 Shirika lile liliweka katika posta hizo mtambo wa kompyuta wa kuhesabia, ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya Kijapani ya Fujitsu. Kila stempu iliyouzwa na kila pauni iliyolipwa iliandikwa katika mtambo huo, na wakati wa kufunga hesabu mtambo ndio uliosema ni fedha kiasi gani zinazotakiwa kuwamo sandukuni. Basi ikatokea katika posta moja baada ya nyengine kwamba mtambo ukataja kiasi kikubwa kuliko kilichomo. Mwenye posta akihesabu na kurudia, hapati sababu. Akipiga simu ya msaada, wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye taabu hiyo. Na mkataba ulifasiriwa na Shirika kwa maana ya kwamba kila upungufu ni juu ya mwenye posta, aulipe kutoka mfukoni mwake.

Jo Hamilton, mwenye duka katika kijiji cha South Warnborough, alifuata maagizo ya simu ya msaada, na upungufu wa yapata pauni 2,000 ukageuka pauni 4,000 mbele ya macho yake. Aliweka nyumba yake rehani, akalipa, na mwisho akakiri kosa la kuandika hesabu za uwongo ili asishitakiwe kwa wizi akafungwa. Alan Bates, huko Llandudno katika nchi ya Wales, alikataa kulipa asichodaiwa, akaondolewa katika posta yake mwaka 2003. Lee Castleton wa Bridlington alijitetea mwenyewe mahakamani bila ya wakili, akashindwa mwaka 2007, akatozwa gharama za pauni 321,000, akafilisika. Seema Misra alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwaka 2010, naye ana mimba tumboni.

Na hao ni wachache katika wengi. Baina ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na yapata 700 kati yao walishitakiwa na Shirika la Posta lenyewe. Mdai ndiye aliyepeleleza, na ndiye aliyeshitaki, na daftari lililotolewa kuwa ushahidi lilikuwa ni lake.

Kisha haki ikatoka, lakini kwa kuchelewa. Bates na wenziwe, jumla yao watu 555, walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2019 Jaji Fraser akahukumu kwamba mtambo ule ulikuwa na kasoro nyingi zenye kuweza kuzusha upungufu usiokuwapo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu za watu 39, wakiwamo Hamilton na Misra. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia hukumu mamia waliosalia. Na Tume ya uchunguzi inayoongozwa na Sir Wyn Williams ilieleza katika ripoti yake ya Julai 2025 kwamba huenda watu 13 au zaidi walijiua kwa sababu ya mambo haya. Kwao na kwa jamaa zao, hapana karatasi ya mahakama itakayowarejeza.

Walioutengeneza walijua nini?

Mtu atasema: kila kazi ya binadamu ina makosa, na huenda watengenezaji hawakujua. Twasema: lau hawakujua, maneno yetu yangalikuwa mengine. Lakini tazama yaliyothibiti.

Mwaka 1998, kabla ya mtambo kuenezwa, ripoti ya ndani ya kampuni ilieleza ubovu wa sehemu ya programu inayohusika na fedha za dirishani, ikashauri iandikwe upya. Haikuandikwa upya. Mtambo ulipokwisha enea, mafundi wa Fujitsu walikuwa na daftari lao la makosa yanayojulikana, wakiandika humo kila kasoro waliyoiona na namna ya kuizunguka. Daftari hilo wenye posta hawakuonyeshwa. Kasoro moja ilidhihiri katika tawi la Callendar Square, Falkirk, huko Scotland, nayo haikutengenezwa mpaka 2006, hali ilikuwa ikiishi ndani ya mtambo tangu miaka ya nyuma. Na mwaka 2015, huko Dalmellington, mtambo uliandika fedha za pauni 8,000 mara nne, ikazuka tafauti ya pauni 24,000 ambazo hazikupata kuwako ulimwenguni.

Zaidi ya hayo, mafundi wale waliweza kuingia kutoka mbali katika hesabu za posta na kuzibadilisha, na mwenye posta asijue. Shirika likakana jambo hilo miaka mingi. Aliyeusema ukweli hadharani ni Richard Roll, aliyepata kufanya kazi Fujitsu. Alisema mbele ya watu mwaka 2015, na akatoa ushahidi mahakamani mwaka 2019.

Na Julai 2013 wakili mmoja aliyekuwa akilishauri Shirika aliandika kwamba mhandisi wa Fujitsu aliyetoa ushahidi katika kesi hizo hakuzitaja kasoro alizozijua, na kwa hivyo ushahidi wake hauaminiki tena. Shauri hilo halikuwafikia waliohukumiwa mpaka 2020. Mwisho, Januari 2024, mkubwa wa Fujitsu katika Ulaya alisimama mbele ya kamati ya Bunge akaomba radhi, akakiri kwamba kasoro zilijulikana tangu mwanzo, na kwamba kampuni yake ilisaidia katika mashitaka yale.

Basi hiki ndicho kisa. Sasa turejee katika Kitabu cha Mola wetu tuone kinasema nini.

Aya ya deni

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuja kueleza Sala wala Hija. Imekuja kueleza namna ya kuandika deni. Nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Mwenye kuona kwamba mambo ya hesabu na madaftari si katika dini, na aisome aya hiyo kisha aseme.

Mwenyezi Mungu ameamrisha humo kwamba deni liandikwe, na aliandike mwandishi kwa uadilifu. Na mwandishi asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Mola wake. Kisha akaamrisha jambo ambalo wengi hulisoma na hawalizingatii: kwamba mwenye kuimla, yaani kutamka yatakayoandikwa, awe ni yule mwenye kudaiwa. Hakuachiwa mwenye kudai, kwani mwenye kudai ana nguvu, na mkono wake u juu, na daftari likiwa lake ataandika apendavyo. Dhaifu ndiye aliyepewa kusema, na kalamu ikafuata ulimi wake. Na ikiwa hawezi kuimla, basi na atamke kwa uadilifu walii wake.

Sasa pima mtambo ule kwa mizani hii. Mwenye kudai ndiye aliyeununua, na mtambo ndio ulioimla deni, na mwenye kudaiwa akaambiwa atie sahihi tu. Hakuweza kuuliza, wala kuona ndani, wala kupata wa kumsemea. Kila kilichoamrishwa na aya kiligeuzwa juu chini. Na aliyewezesha mageuzi hayo ni mwandishi, kwani yeye ndiye aliyeamua mwenye posta aonyeshwe nini na afichwe nini.

Kisha tazama mwisho wa aya. Mwenyezi Mungu amelitaja katazo la madhara juu ya mwandishi na shahidi, kwa tamko ambalo wafasiri wamelifahamu kwa njia mbili, na lugha ya Kiarabu yazichukua zote mbili. Ya kwanza: mwandishi asimdhuru mtu kwa maandishi yake. Ya pili: mwandishi asidhuriwe yeye kwa sababu ya kuandika haki. Tunaomba msomaji azishike maana zote mbili, kwani dawa ya maradhi haya imo ndani yake. Mwenye kuandika programu ana wajibu wa kutodhuru, na sisi sote tuna wajibu wa kumkinga asidhuriwe anaposema ukweli. Ikikosekana ya pili, ya kwanza huwa ngumu sana.

Nafaka iliyorowa

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akasema kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Zingatia, ewe msomaji, kwamba mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Wala hakulaumiwa kwa kuwa na nafaka iliyorowa. Alilaumiwa kwa kuiweka chini. Vivyo hivyo kasoro katika programu: mwandishi aliyejitahidi akakosea, huyo ni kama aliyenyeshewa. Lakini daftari la makosa yanayojulikana, likifungiwa kabatini hali watu wanapelekwa jela kwa makosa hayo hayo, hiyo ndiyo nafaka iliyorowa iliyofunikwa kwa iliyo kavu. Na ghushi hii ni kubwa kuliko ya sokoni, kwani mwenye kununua nafaka mbovu hupoteza dirhamu zake, na huyu amepoteza heshima yake na uhuru wake.

Ama ushahidi, hadithi yake ni nzito zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatajia sahaba madhambi yaliyo makubwa kuliko yote: kumshirikisha Mungu na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uwongo akakaa kitako, akalikariri neno hilo hata sahaba wakatamani lau angalinyamaza, kwa kumwonea huruma. Na katika aya inayofuata aya ya deni, Mwenyezi Mungu amesema juu ya mwenye kuficha ushahidi kwamba moyo wake una dhambi. Ameutaja moyo, kwa sababu kuficha ni kazi ya moyo. Ulimi haukutamka uwongo, wala mkono haukuandika batili, na juu ya hayo dhambi imethibiti.

Tena kanuni ya Sharia ni kwamba bayina ni juu ya mwenye kudai, na yamini ni juu ya mwenye kukana. Sheria ya Waingereza nayo ilikuwa, tangu 1984, ikimtaka mwenye kuleta maandishi ya kompyuta mahakamani athibitishe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hiyo ikaondolewa kwa sheria ya 1999, mwaka ule ule ulioanza kuenezwa mtambo wa Horizon. Ikawa kompyuta yadhaniwa kuwa kweli mpaka mshitakiwa alete dalili ya kinyume. Na maskini mwenye duka atapata wapi dalili, nayo yote imo katika kabati la mwenziwe?

Udhuru wanaoutoa

Wa kwanza atasema: "Mimi ni mwajiriwa, nimeambiwa niandike, nikaandika." Twamjibu kwamba hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Al-Maida kusaidiana katika dhambi na uadui. Kuandika programu ya hesabu asili yake ni halali, bali ni jambo jema. Lakini halali ikitumiwa kwa dhulma, na wewe wajua, na mkono wako ndio unaoiendesha, ujira wako umeingiwa na shubuha, na kunyamaza kwako kumekuwa ni sehemu ya kazi yako.

Wa pili atasema: "Ni kazi ya mikono mingi, mimi nimeandika mistari michache." Twamkumbusha hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) juu ya watu walioshirikiana kumuua mtu mmoja huko Yemen. Alisema kwamba lau watu wote wa San'aa wangaliafikiana juu yake, angaliwachukulia wote. Dhulma haipungui kwa kugawanywa. Kila mmoja huchukua yake kamili.

Wa tatu atasema: "Sikukusudia." Huyu ndiye mwenye udhuru wa haki, na sisi hatupendi kumdhulumu. Asiyekusudia wala asijue, akawa amejitahidi kama wajitahidivyo mafundi waaminifu, dhambi imemwondokea. Lakini dhambi ni jambo moja na dhamana ni jengine. Katika Sura ya An-Nisaa, aliyemuua muumini kwa makosa hana dhambi ya muuaji, na pamoja na hayo imelazimu dia kwa jamaa za maiti. Wanavyuoni wamekhitalifu juu ya fundi wa ujira: wafuasi wa Imam Malik humdhamini kwa kilichoharibika mkononi mwake, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana, wala halipi ila akifanya taksiri au akapituka mpaka. Lakini wote wameafikiana juu ya mwenye taksiri. Na imekuja katika hadithi kwamba mwenye kujifanya tabibu, naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, ni mdhamini wa atakayemharibu. Basi kijana aliyesoma miezi michache, akakubali kuandika programu ya mishahara ya mamia ya watu bila ya kuijaribu wala kumwonyesha mwenye kujua zaidi, na apime nafsi yake kwa hadithi hii.

Wa nne atasema: "Hao ni Waingereza, na wengi wao si Waislamu, yatuhusu nini?" Hili ndilo neno linalotusikitisha zaidi, kwa kuwa twalisikia katika vinywa vya watu wenye kusali. Soma, ndugu yetu, Sura ya An-Nisaa kuanzia aya ya 105 hata 112. Wafasiri wameeleza kwamba katika Madina mtu wa Bani Ubayriq aliiba deraya, kisha mzigo wa wizi ukatupwa juu ya Myahudi mmoja, na jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume kumtetea mtu wao. Qur'ani ikateremka kumtakasa Myahudi yule, na kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wakhiyani, na kueleza kwamba mwenye kuchuma dhambi kisha akamtupia asiyekuwa nayo amebeba buhutani na dhambi iliyo wazi. Aya hizi twazisoma katika Sala zetu hata leo. Ikiwa Mwenyezi Mungu ameteremsha Qur'ani kwa ajili ya haki ya Myahudi mmoja aliyesingiziwa, sisi ni nani hata tuseme kwamba haki ya mwenye duka wa Uingereza haituhusu?

Na sisi huku?

Tusidhani kwamba mambo haya yako mbali. Katika miji yetu, msichana akaaye penye mashine ya kupokea fedha katika duka kubwa hufunga hesabu yake kila usiku kwa mashine. Kijana wa kituo cha mafuta hali kadhalika. Wakala wa pesa za simu hutegemea hesabu asiyoweza kuiona ndani. Dereva anayepata abiria kwa programu ya simu huweza kufungiwa kazi yake asubuhi moja kwa sababu ambayo hapana mtu wa kumweleza. Upungufu ukitokea, neno la kwanza la tajiri ni "Kompyuta imesema", na mshahara hukatwa.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au khiyana ya mwenye kukabidhiwa fedha hizo. Uzembe ni kitu cha kuthibitishwa, na khiyana ni kitu cha kuthibitishwa, na kasoro ya mtambo si hili wala si lile. Na Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu, katika kifungu chake cha 106B, inataka maandishi ya kompyuta yaletwayo mahakamani yafuatane na cheti chenye sahihi ya mwenye dhamana juu ya kompyuta hiyo. Kijana wetu akipewa cheti hicho atie sahihi, na ajue kwamba anatoa ushahidi, na ushahidi huo una siku ya kuulizwa.

Kwa hivyo twausia haya. Enyi vijana wenye elimu hii, msiandike hesabu ya deni la mtu bila ya kumwachia mwenye kudaiwa njia ya kuiona, kuihoji, na kupata nakala yake. Msiache mlango wa siri wa kubadilisha hesabu za watu. Na ikibidi kuwepo mlango, kila aliyeingia na aandikwe jina lake na saa yake, na mwenye hesabu ajulishwe. Mkiiona kasoro, iandikeni na mwambieni mkubwa wenu kwa maandishi. Asiposikia, na mtu akawa anahukumiwa kwayo, basi semeni mbele ya wenye kuhukumu. Hapo hakuna tena siri ya kazi.

Na enyi matajiri, wengi wenu mwasali safu ya mbele. Msimkate mfanyakazi kwa neno la mashine mpaka mumsikilize, na mkachunguza, na mkamtafutia udhuru kama mtakavyo kutafutiwa nyinyi. Msimfukuze mwandishi aliyekuja kuwaambia kwamba mtambo mlioununua ghali una kasoro. Huyo amewaokoa na moto, na amestahili shukrani na ziada ya ujira.

Na enyi wazazi na maimamu, tumezoea kuwafundisha watoto wetu kwamba amana ni kurudisha pochi iliyookotwa njiani. Hilo ni jema, lakini halitoshi kwa zama hizi. Mtoto anayesoma kompyuta na asomeshwe pia fikihi ya deni, ya ujira, ya dhamana na ya ushahidi. Milango hii imo katika vitabu vyetu, nasi tumeifunga, tukabaki kubishana juu ya mambo ambayo hayamlishi yatima wala hayamtoi jela asiye na hatia. Na atakayepoteza kazi yake kwa kusema kweli, ni wajibu wa jamaa ya msikiti wake kumsimamia yeye na watoto wake. Hiyo ndiyo maana ya pili ya ile aya, na bila ya hiyo tutakuwa twawaamrisha vijana ushujaa hali sisi tumekaa kivulini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie kalamu za vijana wetu kuwa za uadilifu, azitie nuru nyoyo za wenye kuhukumu, awape faraja waliodhulumiwa popote walipo, na atujaalie siku ya kufunuliwa madaftari tusiwe miongoni mwa walioficha. Amin.

Wabillahi taufiki.